Asilimia za Mwalimu Subilaga

"Mchango wa mgonjwa," ilisema suruali kwa ile sauti yake ya kike isiyojua kuchoka, "asilimia themanini na moja."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Wagonjwa waliokuwa vitini walipiga mapaja. Yule ambaye mkono mmoja tu ndio unaomtii alipiga paja kwa huo huo mmoja. Mpishi wa kituo alitoka jikoni na mwiko wake mkononi, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabara ya Tukuyu mjini. Katikati ya ukumbi, ndani ya vyuma vilivyomshika kuanzia kiunoni hadi nyayoni, Mwalimu Subilaga alisimama wima akitabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule ambao kiharusi hakikuugusa.

Mtu pekee ambaye hakupiga makofi ni yule aliyekuwa akipongezwa kwa macho na kila mtu. Andwele, mtaalamu wake wa viungo, alikuwa amekiinamia kishikwambi akijifanya anaandika. Hakuwa anaandika chochote. Alikuwa anaona haya, haya ile inayopanda kutoka tumboni ikaja kukaa kwenye masikio, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Maana themanini na moja ilikuwa uongo, na aliyeutunga ni yeye.

"Hebu nyamazeni kidogo," alisema Mwalimu Subilaga. Maneno yalimtoka yakiwa yamelegea pembeni, lakini mwanamke aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne hahitaji kupaza sauti. Ukumbi ukanyamaza. "Tusekile, wewe ndiye msimamizi hapa. Sheria inasemaje kuhusu sabini na tano?"

"Mgonjwa akipita sabini na tano siku saba mfululizo, amehitimu, Mwalimu," alijibu Tusekile.

"Na leo ni siku ya ngapi?"

"Ya saba."

"Basi nimehitimu. Nimebakiwa na wiki sita kwenye hii suruali na mimi sizihitaji tena. Yule binti anayefuata kwenye foleni, Gwantwa, avalishwe kuanzia Jumatatu. Nileteeni hicho kishikwambi nitie dole gumba."

Kila mtu pale alimjua Gwantwa. Alikuwa mchuma chai wa miaka ishirini na tisa, mshipa wa kichwa ulimpasuka siku mbili baada ya kujifungua, na tangu hapo alikuwa analala nyumbani akisubiri zamu. Watu walianza kupangusa macho. Mpishi alisema Mungu atamlipa Mwalimu, akarudi jikoni kwa sababu ugali ulikuwa unaungua.

Kishikwambi kilikuwa mikononi mwa Andwele. Alikipeleka kwa miguu iliyokuwa mizito kuliko ya mgonjwa yeyote mle ndani. Alijua kwamba dole gumba likishawekwa, zamu hairudi. Sheria ilitungwa hivyo baada ya watu kuanza kupeana zamu na kunyang'anyana. Alijua pia kwamba huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Alifungua kinywa.

"Hongera, Mwalimu," ndicho kilichotoka.

Mwalimu Subilaga akaweka dole gumba.

*

Sasa tuelewane kuhusu hii suruali, maana bila hiyo hutaelewa Andwele alifanya nini.

Jina lake la kiserikali lilikuwa refu, na tangu siku zilipoletwa zile nne za wilaya nzima hakuna aliyelitumia. Watu waliziita suruali na yakaisha. Ndani yake mlikuwa na mota za nyonga, goti na kifundo, na vihisi vilivyolala juu ya ngozi kusikiliza misuli. Kazi yake haikuwa kumtembeza mtu. Kumtembeza mtu hata toroli linaweza. Kazi yake ilikuwa kungoja mgonjwa ajaribu kuinua mguu, ipime amefika wapi, kisha imalizie pale aliposhindwa na pale tu. Ubongo ulioumia hujifunza kwa kujaribu na kukosea wenyewe. Mota ikifanya kila kitu, mguu unakuwa abiria, na abiria hajifunzi kuendesha gari hata apande miaka mia. Tena ubongo hausubiri. Miezi sita ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo miezi unayokubali kufundishika kwa wepesi. Baada ya hapo kila hatua inadaiwa kwa jasho maradufu.

Ili suruali ijue mgonjwa amefanya kiasi gani, kila asubuhi mtaalamu humkalisha, huuacha mguu mbovu uning'inie kama ulivyo, halafu hubonyeza sifuri. Hapo mashine inajua mguu una uzito gani. Ndiyo basi. Lakini mtaalamu akiegemeza kiganja chake kwenye goti wakati wa kubonyeza, mashine inaamini mguu ni mzito kuliko ulivyo. Baadaye ukiinuka kirahisi, mashine inasema, ahaa, kumbe mgonjwa ndiye anayenisaidia, na inampa sifa ambazo si zake huku mota inambeba. Ni ule ule mchezo wa muuza viazi anayegusa mizani kwa kidole.

Andwele aligusa mizani kwa mara ya kwanza wiki ya nne.

Wiki tatu za mwanzo suruali ilikuwa imetangaza kumi na moja. Kumi na moja, kumi, kumi na moja, tena kwa sauti, ukumbi mzima unasikia. Mtu mwingine angevumilia. Lakini huyu alikuwa Mwalimu Subilaga, aliyewasomea watoto wa kata nzima alama zao mbele ya darasa na hakuwahi kumwongezea mtu hata nusu. Andwele mwenyewe alikaa kwenye madawati yake kuanzia darasa la nne mpaka la saba. Kila alichojua kuhusu kugawanya alikijua kutoka kwake. Na asubuhi ile, kumi na moja ilipotangazwa kwa mara ya kumi na kitu, mwalimu wake aliinamisha uso, chozi likadondokea kwenye chuma, akasema, "Mtoto wa kumi na moja kati ya mia mimi ningemrudisha darasa. Andwele, kesho msinifuate."

Kijana hakuweza. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna cha kupamba. Kumsomea mwalimu wako alama ya kufeli, kila siku, ukimtazama machoni? Na sisi sote tunajua tulivyo mbele ya mgonjwa. Unaingia chumbani unamkuta mtu amebaki mifupa, unasema, "Leo naona umechangamka!" Unatoka nje ndipo unapolia. Andwele alilelewa hivyo hivyo, ila yeye alitumia mashine. Kesho yake alimbembeleza Mwalimu aje mara moja tu, akaegemeza kiganja, na suruali ikasema ishirini na nne.

Ungemwona Mwalimu alivyonyanyua kichwa! Andwele alijiambia ni siku hiyo tu, ya kumtia moyo. Lakini mtu aliyepata ishirini na nne hawezi kurudi kumi na moja bila kuuliza kwa nini, na Mwalimu Subilaga angeuliza. Kwa hiyo kesho yake kiganja kilirudi gotini, na keshokutwa, na kila wiki kilikandamiza zaidi kidogo.

*

Jumamosi Andwele alialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa Mwalimu, na alikwenda akiwa amekata shauri. Angemwambia kabla ya kunawa mikono. Alirudia maneno njia nzima, akipanda kilima kati ya migomba iliyokuwa inachuruzika mvua.

Alipofika alikuta Bupe, binti wa Mwalimu, anatandika kitambaa cha meza cha sikukuu. Kuku alikuwa amechinjwa. Maziwa ya mgando yalikuwa kwenye kibuyu. Ukutani, karibu na mlango wa chooni, palikuwa na matundu manne mapya.

"Zile bomba za kushikilia ziko wapi?" aliuliza Andwele.

"Mume wangu amezing'oa jana," alisema Bupe kwa furaha. "Mama amesema zinamfanya aonekane mgonjwa. Na kiti cha magurudumu tumekipeleka kanisani, kuna bibi mmoja anakihitaji. Kaka Andwele, sijui tukushukuruje. Ndaga fijo."

Andwele akajikuta anajibu, "Aa, si kitu."

Mwalimu Subilaga alikuwa kwenye kochi amevaa gauni la kitenge na viatu vya kufunga, kiatu cha kushoto kimefungwa kwa uangalifu kama cha mtoto anayeanza shule. "Shikamoo, Mwalimu," alisema Andwele. "Marahaba, mwanangu. Usikae. Simama pale mlangoni unione vizuri."

"Mwalimu, ngoja kwanza, kuna jambo nilitaka..."

"Jambo baadaye. Nimekungojea tangu asubuhi."

Akaegemea mkono wa kulia, akajisukuma, akasimama. Mguu wa kulia ulimbeba sawasawa. Alivuta pumzi, akamtazama Andwele, akaupeleka mbele mguu wa kushoto. Mguu haukwenda. Mwili ulikuwa umeshatangulia ukiamini mguu unakuja, na mguu ulibaki pale pale kwenye mkeka. Andwele aliruka akamdaka kiunoni, wakaanguka wote wawili juu ya meza ndogo. Kibuyu kilipasuka na maziwa yakatapakaa sakafuni.

Kitu cha kwanza alichofanya Mwalimu pale chini, kwa ule mkono wake mzima, ni kuvuta gauni lifunike magoti. Cha pili ni kuomba radhi.

"Samahani, mwanangu. Nimekuaibisha."

Andwele alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na maziwa yake. Bupe alikuwa amepiga magoti analia, anamshika mama yake kichwa, mabega, kichwa tena.

"Nimekosea wapi?" Mwalimu aliendelea kuuliza. "Niambie, nirekebishe. Nilihamisha uzito kulia. Nikakaza tumbo. Nikafikiria goti kama ulivyonifundisha. Nimesahau nini? Labda nilijivuna mapema. Labda sikujitahidi."

"Mwalimu, siyo wewe," alisema Andwele. "Siyo wewe kabisa."

"Ni nini basi?"

Haya! Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alitakiwa kuingia tu. Na kijana wa watu, mwenye diploma yake, anayeimba besi kanisani, akasema, "Nadhani ni mashine. Nadhani ile suruali ina hitilafu."

Loo, Andwele!

Uso wa Mwalimu ukabadilika, na haukubadilika kwa ahueni wala kwa hasira, ulijaa wasiwasi. "Na Jumatatu wanamvalisha Gwantwa," alisema. "Bupe, acha kulia. Niletee kalamu na karatasi."

*

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Gwantwa alikuwa ameshafika, ameletwa kwenye pikapu ya mashamba ya chai, amekaa kwenye benchi akiegemea ukuta. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umelala. Maneno yalimjia moja moja, kwa shida. Mumewe, Lwitiko, alisimama kando yake amembeba mtoto kifuani kwa kanga, na alikuwa anaitazama suruali iliyotundikwa kwenye kiunzi chake kana kwamba mtu angeweza kuiiba.

Mwalimu Subilaga aliingia akisukumwa na Bupe kwenye kile kiti cha magurudumu. Walikuwa wamelazimika kwenda kukiomba tena kanisani. Alhamisi walimpigia vigelegele. Sasa kila mtu alipata kitu cha kutazama sakafuni. Mwalimu hakuwajali, alimkabidhi Tusekile barua.

Tusekile aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Mwalimu, unajua ukileta hii inakuwaje? Suruali ikituhumiwa, nazifunga zote nne, maana zinajifunza kwa kupeana habari. Zinapelekwa Dodoma kukaguliwa. Miezi mitatu si chini."

"Najua. Lakini ikimdanganya huyu binti kama ilivyonidanganya mimi, je? Miezi mitatu ni mingi. Lakini huu mguu wangu mnauona."

Lwitiko alikuwa amesikia. "Miezi mitatu?" alisema. Hakumwambia mtu yeyote, alisema tu. Gwantwa alimtazama mumewe usoni, na akili yake haikuwa na kasoro hata chembe, akaelewa. Alifumba macho.

"Kaka," Tusekile alimgeukia Andwele. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita ingawa ndiye msimamizi, na hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Wewe ndiye uliyekuwa nayo wiki kumi. Nisaidie niandike. Hitilafu uliionaje?"

Jamani, ilikuwa rahisi mno! Angesema tu kwamba mota ilikuwa inachelewa, au vihisi vimeingia unyevu, na Tukuyu unyevu si kitu cha kubuni. Dodoma wangeandika kwamba hawakuona tatizo, karatasi ingekaa kabatini, naye angeendelea kula mshahara wake. Alimwona Gwantwa amefumba macho. Alimwona mtoto anatafuna ncha ya kanga.

"Suruali ni nzima," alisema.

"Unasema?"

"Haina hitilafu yoyote. Ni mimi." Na baada ya hapo maneno yalimtoka bila mpangilio, kiganja, goti, sifuri, wiki ya nne, ishirini na nne, na kila alipodhani amemaliza aligundua bado kuna kingine. Alisema mpaka kuhusu Jumamosi, kwamba alisingizia mashine huku Mwalimu amelala sakafuni. Alisema akitazama viatu vyake.

"Wiki ya nne," alisema Mwalimu Subilaga alipomaliza. "Mpaka Alhamisi iliyopita. Ni wiki saba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku tano kwa wiki, siku thelathini na tano. Kila siku hatua mia nne. Ni hatua elfu kumi na nne." Alikuwa anapiga hesabu kama alivyopiga siku zote, kwa sauti, ili aliye nyuma asikie. "Ngapi kati ya hizo zilikuwa zangu?"

Andwele aliendelea kutazama viatu vyake.

"Nakuuliza."

"Sijui, Mwalimu. Sikupima."

"Nipimeni sasa."

Tusekile na Bupe walimvalisha. Tusekile aliuacha mguu wa kushoto uning'inie, akainua mikono yake yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa ili kila mtu aione, kisha akabonyeza sifuri kwa kidole kimoja. Mwalimu alisimama. Akatembea hatua kumi kuelekea dirishani. Mguu wa kushoto ulisukumwa na mota tangu mwanzo wa kila hatua hadi mwisho, na safari hii alilisikia hilo, uso wake ulionyesha kwamba analisikia.

"Mchango wa mgonjwa, asilimia kumi na mbili."

Asilimia moja. Wiki saba, hatua elfu kumi na nne, asilimia moja. Bupe akaangua kilio, akamgeukia Andwele, "Mama yangu alikukosea nini? Si ungesema tu!"

"Bupe," alisema mama yake. Kisha, "Andwele, nitazame. Kwa nini?"

Alimtazama. "Nilikuhurumia, Mwalimu. Siku ile ulipolia."

"Mimi nililia, ndiyo. Nilikuwa na haki ya kulia. Nani aliyeshindwa kuvumilia?"

"Mimi."

"Basi ulijihurumia wewe. Usinibebeshe mimi."

Lwitiko alikuwa amesogea. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye kuongea na watu wazima huku ameinama kidogo, na aliinama sasa. "Mwalimu, zamu ni yako. Umeitoa kwa kudanganywa, sheria gani itakataa kukurudishia? Sisi tutasubiri. Tumeshazoea kusubiri." Lakini alisema hivyo huku amekumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Tusekile alisema anaweza kuandika kuomba, ikiwa Mwalimu anataka. Hakuwa na uhakika wangekubali, lakini angeandika. Kila mtu alingoja. Mwalimu Subilaga alikuwa amebakiwa na wiki sita kabla ya miezi yake sita kwisha, na mle ndani hakuna asiyejua wiki hizo zina maana gani. Alimtazama Gwantwa.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Mi... ta... tu," alisema Gwantwa mwenyewe.

Mwalimu alipitisha mkono wake mzima juu ya vyuma vilivyomshika paja. Asidhani mtu kwamba lilikuwa jambo jepesi kwake, au kwamba alilifanya kwa tabasamu. "Nivueni," alisema. "Kesho mvalisheni huyo. Mimi nitafanyia kwenye zile reli mbili za mbao, kama walivyofanya wazee wetu kabla ya vyuma. Mtu awe ananishika mkanda tu."

"Mimi, Mwalimu," Andwele aliruka. "Nitakushika mimi. Asubuhi na jioni, hata Jumapili, nitakuja mpaka nyumbani..."

"Wewe hapana."

Alisimama pale pale, mkono ukiwa bado umenyooshwa.

"Nina hasira na wewe, nyingi tu, na sijui zitakwisha lini," alisema Mwalimu Subilaga. "Lakini siyo kwa sababu hiyo. Ni kwamba wewe ukiniambia nimefanya vizuri, sitaamini. Na ukiniambia nimefanya vibaya, nitadhani unajitesa. Sasa utanifaa nini? Tusekile, nishike wewe."

*

Barua ya Andwele ilikwenda wilayani Jumatatu hiyo hiyo. Aliiandika kwa mkono wake na Tusekile akagonga muhuri. Mpaka jibu litakapokuja aliruhusiwa kufanya kazi, lakini asiguse sifuri. Jumanne asubuhi, mbele ya ukumbi mzima, alimkalisha Gwantwa, akafunga mikanda, kisha akarudi nyuma hatua mbili akaweka mikono mgongoni. Lwitiko, mkulima wa ndizi ambaye hajawahi kubonyeza kitu chochote zaidi ya simu yake, alimpa Bupe mtoto, akapangusa kidole kwenye shati, akabonyeza sifuri kwa niaba ya mtaalamu aliyesomea kazi hiyo miaka mitatu.

Gwantwa alisimama. Alitembea hatua ishirini akiuma meno, jasho likimtoka juu ya mdomo, na alipofika mwisho alikuwa anatabasamu kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu augue alikuwa anawatazama watu akiwa amesimama.

"Mchango wa mgonjwa, asilimia tisa."

Tabasamu likamwisha. Alimgeukia Andwele. "Nd... ndogo?"

Maneno yote matamu yalimjaa mdomoni. Umejitahidi. Siku ya kwanza ni hivyo. Naona kabisa umechangamka. Na mikono kule mgongoni ilikuwa inamwasha, goti la binti lilikuwa karibu, karibu sana. Alijikaza akavifungamanisha vidole.

"Tisa," alisema. "Ni ndogo, dada Gwantwa."

Gwantwa akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kinywa kikiwa kimepinda, na Lwitiko akamtazama Andwele kwa macho makali kama vile yeye ndiye aliyempiga mkewe. Andwele hakuomba radhi na hakusema jingine. Alisimama pale akimtazama mtu akilia, bila kufanya kitu, na hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo tangu azaliwe.

Upande wa pili wa ukumbi, kati ya zile reli mbili za mbao, Mwalimu Subilaga alikuwa amejaribu hatua yake ya nne. Tusekile alikuwa nyuma yake, ameshika mkanda.

"Umeburuza, Mwalimu," alisema Tusekile. "Mguu haukuinuka kabisa."

"Asante," alisema Mwalimu. "Tena."

Kwa wiki saba mwanamke huyo alikuwa amemshukuru Andwele kila siku, mara nyingine akimshika mkono, mara nyingine kwa machozi. Hakuwahi kumpa asante kama ile.